Rukhsa ni Sadaka: Usiirudishe, Wala Usimnyime Mwenzako



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, somo letu katika toleo hili ni rukhsa, yaani nafuu ambayo sharia yenyewe imempa mtu fulani, kwa udhuru fulani, asitekeleze jambo ambalo wenzake wanalazimika kulitekeleza. Mlango huu tunausoma mapema katika Usul al-Fiqh. Mimi niliusoma, nikaufanyia mtihani na nikafaulu vizuri. Miezi michache baadaye nilimwambia ndugu yangu mgonjwa maneno yaliyomlaza hospitalini. Ameniruhusu nisimulie kisa chake bila kutaja jina lake. Naanza nacho ili mjue kwa nini nimeandika somo hili.

FATWA YA CHUMBANI

Mimi na yeye sote ni watu wa Jinja. Tulikutana kwenye taksi siku ya kuripoti chuoni, tukapangiwa chumba kimoja hapa Mbale. Yeye anasomea biashara, mimi masomo ya Kiislamu. Mnaijua desturi yetu: ukionekana mara mbili na kitabu cha fiqh mkononi, hosteli nzima inakuita "Sheikh". Mwanzoni ni utani. Baada ya muda wewe mwenyewe unaanza kuitika.

Ndugu huyu ana ugonjwa wa selimundu tangu kuzaliwa. Si ugonjwa mgeni kwetu. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa nchini Uganda walikuwa wamerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na asilimia 0.7 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Kwa mwenye ugonjwa, chembe nyekundu za damu hujikunja mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo, na maumivu yake ni makali mno. Moja ya mambo yanayouchochea ni mwili kukosa maji.

Siku mbili kabla ya Ramadhani aliniuliza, "Sheikh, kliniki wameniambia nisifunge. Wanasema nisikae mchana kutwa bila maji. Lakini hapa kila mtu anafunga. Wewe unaonaje?"

Sikufungua kitabu. Sikumwambia nitauliza. Nilimjibu papo hapo, "Akhi, unatembea, unaenda darasani, unapanda ngazi. Mgonjwa ni yule aliyelala kitandani. Mtegemee Allah, funga."

Akafunga. Siku ya sita, baada ya swala ya Adhuhuri, nilimkuta chumbani amejikunja sakafuni, ameuma shuka ili asipige kelele. Tulimpakia kwenye boda, mimi nikakaa nyuma nikimshikilia asianguke. Hospitalini alitundikiwa maji, akapewa dawa za maumivu na hewa ya oksijeni. Alilazwa siku tisa.

Mama yake alifika kutoka Jinja usiku ule ule. Baada ya kumtazama mwanawe alitugeukia sote tuliokuwa pale, akauliza, "Nani alimwambia afunge?"

Ndugu yangu akajibu kwa sauti ndogo, "Niliamua mwenyewe, mama."

Nami nikanyamaza.

MAANA YA AZIMA NA RUKHSA

Wanazuoni wa Usul wanazigawa hukumu katika mafungu mawili kwa upande huu. La kwanza ni azima, yaani hukumu ya asili inayowahusu watu wote katika hali ya kawaida: swala ya Adhuhuri ni rakaa nne, Ramadhani inafungwa, mzoga ni haramu. La pili ni rukhsa, yaani hukumu iliyothibiti kwa dalili, ikaenda kinyume na hukumu ya asili kwa sababu ya udhuru: msafiri anaswali rakaa mbili, mgonjwa anakula mchana wa Ramadhani, aliyekaribia kufa kwa njaa anakula mzoga kiasi cha kumwokoa.

Neno lenyewe kwa Kiarabu lina maana ya wepesi na ulaini, na ndilo lililotupa Kiswahili chetu neno "ruhusa". Lakini tuwe waangalifu. Ruhusa tunazozijua sisi hutolewa na wakubwa: unaandika barua, unapiga magoti, unasubiri muhuri. Rukhsa ya sharia haiko hivyo. Aliyeiweka azima ndiye aliyeiweka rukhsa, na ameshaitoa kabla hujaiomba. Angalia aya ya 184 na 185 za Suratul-Baqara: amri ya kufunga, nafuu ya mgonjwa na msafiri, na maelezo kwamba Allah anatutakia wepesi wala hatutakii uzito, vyote viko mahali pamoja. Rukhsa haikuja baadaye kurekebisha amri, imezaliwa pamoja nayo.

Kwa hiyo anayekula kwa udhuru wa kweli hajatoka nje ya Ramadhani. Yumo ndani ya hukumu yake, kama wewe unayefunga ulivyo ndani ya hukumu yako.

SABABU SABA ZA WEPESI

Moja ya kanuni kuu tano za fiqh ni ile isemayo kwamba uzito huleta wepesi. Imam as-Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria, ameorodhesha katika kitabu chake al-Ashbah wan-Nadhair sababu saba zinazoleta wepesi huo:

1. Safari. Kupunguza swala, kuzikusanya, kula mchana wa Ramadhani.

2. Maradhi. Kutayamamu, kuswali kwa kukaa au kulala, kutofunga.

3. Kulazimishwa. Aliyelazimishwa kwa kutishiwa kuuawa atamke neno la kufru, na moyo wake umetulia katika imani, hana dhambi.

4. Kusahau. Aliyekula kwa kusahau, saumu yake ni sahihi.

5. Kutojua. Kwa mfano, mtu aliyesilimu karibuni na hajafikiwa na hukumu.

6. Ugumu na jambo lililoenea kwa watu wote lisiloepukika. Mfano ni tope la njiani. Mvua kubwa nayo ni udhuru wa kuacha jamaa. Ibn Abbas (r.a.) aliamuru siku ya mvua watu watangaziwe waswali majumbani mwao. Sisi wa Mbale tunaifahamu hekima hiyo. Mwisho wa Julai 2022 mto Nabuyonga na mto Namatala ilifurika ikaua watu. Katika usiku kama ule hakuna fahari ya kuvuka maji kwenda kuswali Isha.

7. Upungufu. Mtoto na asiye na akili hawaandikiwi wajibu.

Angalia orodha hiyo vizuri. Kuona haya hakumo. Kuchoka na masomo hakumo. Mtihani haumo, nao si udhuru wa kula Ramadhani. Vilevile hakuna sharti lililosema mgonjwa awe amelala kitandani. Sharti hilo nililitunga mimi.

As-Suyuti anaendelea kueleza kwamba rukhsa zenyewe zina daraja. Ipo ambayo kuichukua ni wajibu: aliyeshikwa na njaa inayoweza kumuua ni lazima ale mzoga, na anayeogopa kuangamia kwa njaa au kiu ni lazima afungue, hata akiwa mkazi na mzima. Ipo ambayo kuichukua ni sunna, kama kupunguza swala katika safari ndefu. Ipo iliyo mubaha, kama biashara ya salam, ambamo unalipa leo kwa mali utakayokabidhiwa baadaye. Ipo ambayo kuiacha ni bora, kama kufungua kwa msafiri ambaye saumu haimdhuru. Na ipo iliyo makuruhu, kama kupunguza swala katika safari isiyofika marhala tatu. Kwa hiyo mtu anaposema "rukhsa ni hiari tu, mwenye imani yenye nguvu huiacha", amesema neno la fungu moja akalitandaza juu ya mafungu yote matano.

SWALI LA USTADH

Baada ya Idi nilipanda taksi kwenda nyumbani. Tuliondoka Mbale saa sita mchana, kwa sababu gari lilichelewa kujaa, tukashika barabara ya Tirinyi. Tulivuka bonde la mto Mpologoma, tukapita Namutumba, na tulipofika Iganga ilikuwa imeshagonga saa tisa. Nilimwomba konda asimame niswali. Nikaswali Adhuhuri rakaa nne, peke yangu, nikazirefusha. Nilipotoka msikitini konda alikuwa akipiga mwili wa gari kwa kiganja, na mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa ameshuka ampepee kwa joto.

Jioni nilikwenda kumsalimia ustadh aliyenifundisha madrasa nikiwa mdogo. Akaniuliza habari za safari, kisha akasema, "Adhuhuri umeswali wapi, mwanangu?"

"Iganga, Ustadh. Rakaa nne."

"Kwa nini nne, nawe ni msafiri?"

"Niliona ni bora kukamilisha."

"Na wenzako waliokuwa wakikungoja juani, nao waliona ni bora?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikamweleza na habari ya ndugu yangu wa chumbani, kwa sababu niliona ni kosa moja lililotokea mara mbili. Hakunikemea. Aliniambia nishushe Sunan Abi Dawud kutoka kabatini, nifungue mlango wa kutayamamu, nisome hadithi ya Jabir (r.a.).

Jabir anasimulia kwamba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Kisha akaota, akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama wanamwonea rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwonei, kwa kuwa maji anayaweza. Akaoga, akafa. Waliporudi kwa Mtume (s.a.w.) wakamweleza, akasema kwamba wamemuua, akawaapiza, akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani dawa ya asiyejua ni kuuliza.

Ustadh akaniambia, "Hao walikuwa masahaba, mwanangu. Hawakuwa watu wabaya. Walitaka swala ya ndugu yao isiharibike. Lakini walijibu wasilolijua, na jibu lao lilikuwa zito."

Hapo nilielewa. Tumezoea kudhani kwamba hatari ya kutoa fatwa bila elimu ni kulegeza tu: kuhalalisha riba, kuhalalisha muziki, kurahisisha hijabu. Tunadhani ukikaza huwezi kukosea, kwamba kukaza ni upande salama. Hadithi hii inatwambia kwamba kumnyima mtu rukhsa aliyopewa na Allah ni kumsemea Allah bila elimu vilevile, na mtu anaweza kufa kwa hilo. Anayesema "hili ni halali" na anayesema "hili huruhusiwi" wote wawili wanatakiwa walete dalili.

SAFARI YA JINJA NA MBALE

Ustadh alinirudisha katika masuala ya safari mpaka nikayashika. Nayaandika hapa kwa mujibu wa madhhab ya Imam Shafi'i, ambayo wengi wetu Uganda tumesomeshwa, na nitataja tofauti panapohitajika.

Umbali. Safari ya kupunguza swala ni marhala mbili, sawa na farsakh 16. Wanazuoni wa zama hizi wanakadiria baina ya kilomita 81 na 89. Jinja hadi Mbale ni takriban kilomita 145, kwa hiyo inatosha, na inazidi hata marhala tatu, na hapo kupunguza ndiko bora. Jinja hadi Iganga, au Mbale hadi Tororo, haifiki. Jinja hadi Kampala ni takriban kilomita 80, iko mpakani kabisa, kwa hiyo usijiamulie, uliza.

Mwanzo na mwisho. Huanzi kupunguza ukiwa bado stendi ya Mbale unangoja gari lijae. Unaanza ukishatoka nje ya majengo ya mji. Na ukiingia mji wa nyumbani kwako safari imekwisha, hata kama utalala usiku mmoja tu.

Kukaa. Ukifika mahali ukanuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, wewe si msafiri tena. Kwa Wahanafi ni siku 15. Kwa vyovyote vile, mwanafunzi wa Jinja aliyekuja Mbale kwa muhula mzima ni mkazi. Anaswali rakaa nne, anahudhuria Ijumaa, na anafunga. Wako wenzetu wanaosema "mimi huku ni msafiri" miezi minne mfululizo. Hao hawana rukhsa.

Kuswali nyuma ya imamu. Ukisimama Iganga ukakuta jamaa ya wenyeji, unamfuata imamu wao kwa rakaa nne. Ukiswali peke yako au na wasafiri wenzako, unapunguza.

Kukusanya. Msafiri anaruhusiwa kuswali Adhuhuri na Alasiri pamoja, na Magharibi na Isha pamoja. Wahanafi hawakusanyi isipokuwa katika Hija, lakini wao wanaona kupunguza ni wajibu. Mimi pale Iganga ningeswali rakaa mbili za Adhuhuri na mbili za Alasiri, nikamaliza, na mtoto wa watu asingepata joto.

Saumu. Katika madhhab yetu, msafiri anayetaka kufungua siku hiyo awe ameshatoka mjini kabla ya alfajiri. Ukiamka Jinja umenuia saumu, ukaondoka saa mbili asubuhi, siku hiyo unaifunga. Wahanbali wanamruhusu kufungua.

Kuhusu kupunguza swala yenyewe, aya ya 101 ya Suratun-Nisaa imetaja hofu ya maadui. Ya'la bin Umayya alimuuliza Umar (r.a.) mbona tunaendelea kupunguza na watu wako katika amani. Umar akajibu kwamba naye lilimshangaza jambo hilo hilo, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamjibu kwamba hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa, basi waipokee. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim, na ndiyo iliyonipa kichwa cha somo. Kwetu sisi, mtu akikuletea sahani ya chakula ukamrudishia mlangoni, huko si kujitosheleza. Ni kumvunjia heshima.

MGONJWA NA RAMADHANI

Mgonjwa anayetarajiwa kupona anakula, kisha analipa siku zake baadaye. Mgonjwa wa maradhi yasiyotarajiwa kupona, na saumu inamdhuru, hana kulipa. Anatoa fidya, kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila siku, ampe maskini. Ramadhani ya siku 30 ni vibaba 30. Mwenye mimba na mnyonyeshaji wakijihofia nafsi zao wanafungua na kulipa. Wakimhofia mtoto peke yake, wanalipa na kutoa fidya. Dada zetu walio na watoto wakiwa masomoni walijue hili.

Madhara yanajulikana kwa mtu kujaribu akaona, au kwa neno la daktari mwaminifu. Hatujulishwi na macho ya wenzake wa chumbani. Kisukari hakionekani kwa nje, wala selimundu, wala vidonda vya tumbo. Ukiogopa kuangamia, kufungua si hiari tena, ni wajibu.

Na tusisahau mwaka wa Fat'hu Makka. Mtume (s.a.w.) alitoka Madina akiwa amefunga na watu wamefunga. Alipofika Kuraa al-Ghamim aliitisha chombo cha maji, akakiinua juu watu wote wakamwona, akanywa. Baadaye akaambiwa kuna waliobaki na saumu, akasema kwamba hao ndio wenye kuasi. Hakunywa kwa kujificha. Alijua kwamba wako watakaoona haya kuipokea nafuu mpaka wamwone yeye ameipokea. Sisi tunaoitwa "Sheikh" hosteli, hili ni letu. Tukiiona rukhsa kuwa ni aibu, wanyonge wetu wataumia kwa kutuiga.

Anas (r.a.) naye anasimulia kwamba walisafiri na Mtume (s.a.w.), wengine wamefunga na wengine wamefungua, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Jamani, mlo wa adhuhuri wa mgonjwa katika kona ya chumba haupunguzi saumu ya yeyote kati yetu.

ASIYEKUWA NA UDHURU

Upande wa pili nao upo, na sitaki somo hili liwe kisingizio. Kuna mtu anayekusanya nafuu kutoka kila madhhab, hii ya Hanafi, ile ya Hanbali, mpaka habaki na wajibu wowote. Wanazuoni wamelikemea jambo hili vikali na wamelipa jina: kufuatilia rukhsa. Kuna pia anayesafiri kusudi apate kula mchana wa Ramadhani. Kwa Mashafi'i, safari ya namna hiyo haimpi nafuu, na kanuni yao inasema rukhsa hazifungamanishwi na maasi.

Tofauti ya watu hawa na ndugu yangu ni udhuru. Yeye alikuwa nao tangu kuzaliwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia ukweli.

RUKHSA ZINAZOTOKA KWA WATU

Nimesema rukhsa ya Allah haina muhuri. Tuitazame kidogo ya wanadamu, kwa sababu wengi wetu kesho tutakaa kwenye viti vya kuitoa. Mwaka 2003 wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walikwenda Mahakama ya Katiba. Walitaka wasilazimishwe masomo na mitihani ya Jumamosi, siku yao ya Sabato. Walishindwa. Wakakata rufaa, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao, ikakubali kwamba sera ya chuo haikuvunja Katiba. Si dini yetu, lakini Mwislamu aliyewahi kupangiwa mtihani saa saba mchana siku ya Ijumaa anaielewa hali yao.

Sizungumzii kama mahakama ilikosea. Ninachokiona ni kwamba nafuu ya mwanadamu hutegemea nafasi, gharama na moyo wa anayeombwa, na mara nyingi mwombaji hurudi mikono mitupu. Mola wetu hakutupeleka huko. Basi ni ajabu kwamba sisi, tuliofunguliwa mlango bila kuugonga, ndio tunaosimama kizingitini kuwazuia wenzetu. Na ukiwa kiongozi wa wanafunzi, mwalimu au mwajiri, mwenye udhuru akikujia, kumbuka jinsi wewe ulivyorahisishiwa.

KUMALIZIA

Kabla sijaaga kwa ustadh aliniuliza, "Mama wa huyo kijana umemwomba radhi?"

"Bado, Ustadh."

"Basi somo hujalimaliza."

Kesho yake nilikwenda nyumbani kwao. Nilimsalimia, nikakaa, nikamwambia, "Mama, ile siku uliuliza nani alimwambia afunge. Ni mimi." Alikaa kimya muda mrefu akichambua mchele uliokuwa kwenye ungo. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini mwakani akikuuliza tena, utamwambia nini?"

"Nitamwambia ale, mama. Atoe fidya."

Ramadhani iliyofuata aliniuliza tena, nusu kwa utani. Safari hii nilimpeleka kwa sheikh wetu, akamhoji, akasikia maneno ya kliniki, akampa jibu lile lile. Tulinunua mchele sokoni Mbale, tukaupima kibaba kwa kibaba mpaka vikatimia 30, tukavipeleka kwa familia moja yenye uhitaji. Kila mchana alikunywa maji yake na kula chakula chake chumbani, nami nikiwa nimefunga kwenye kitanda cha pili ninasoma. Mwezi ulikwisha hajalazwa hata siku moja, alhamdulillah.

Ndugu msomaji, nakuomba mambo matatu. Ukiwa na udhuru, ipokee sadaka ya Mola wako bila kuona haya. Usipokuwa nao, usijitafutie. Na akija mwenzako kukuuliza, ukiwa hujui sema hujui, kisha mwende pamoja kwa anayejua. Mimi neno "sijui" lilinishinda mara moja tu, na aliyelipia ni mwenzangu.

Allah atusamehe tulipokosea, atufundishe tusiyoyajua, na awaponye wagonjwa wetu. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.